Mwaka Niliokuwa Ulimi wa Mama Mdogo

Mwezi uliopita Neema, ambaye nilisoma naye chuo, alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anakuja Kilwa na wenzake wa kazini kuona magofu, na katikati ya vicheko vya watu na muungurumo wa gari nilimsikia akisema, "Rukia shoga, mwenyeji wetu ni wewe. Tupeleke sehemu wanapika samaki wa kueleweka." Swali jepesi kabisa. Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika jingine nikaona linanionyesha kama mtu mwenye maringo, nikalifuta nalo. Mwishowe nilimtajia hoteli moja ya Masoko yenye viti vinavyotazama bahari, mahali ambapo sikuwahi kula, kisha nikaiweka simu kifudifudi kitandani. Walikuja, tukaketi kwenye vile viti. Changu alikuwa mkavu, na mchuzi wake ulikuwa wa nyanya za kopo. "Mtamu, eti?" Neema aliniuliza. Nikasema mtamu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiuliza kama alikuwa amegundua, na kama hakugundua, ni nani alimfundisha kuridhika na samaki wa namna ile. Sikumwambia kwamba mahali alipopataka palikuwepo, si mbali na pale, katika mji wa Kivinje, na kwamba niliishi humo mwaka mzima nikawa naonja kila chungu kabla ya mteja.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya kumaliza shahada ya utalii. Nilifika Kivinje nikisema nimekuja kwa wiki chache tu, huku nasubiri majibu ya kazi, na nadhani kila mtu aliyenisikia alijua kuwa wiki hizo hazina mwisho isipokuwa mimi. Mama mdogo, Bi Somoe, alikuwa na mgahawa usio na jina wala kibao. Watu walisema tu "kwa Somoe." Ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mawe ya zamani ambayo ghorofa yake ya juu ilishaanguka, ikaacha mlango mmoja wa mbao ukifungukia hewani. Chini ya mlango huo kulikuwa na meza zilizofunikwa plastiki yenye picha za matofaa na zabibu, mabenchi, ndoo ya maji yenye bomba kwa ajili ya kunawa, na feni iliyokuwa ikizunguka umeme ukiwepo. Jiko lilikuwa uani, chini ya paa la makuti, na moto wake ulikuwa wa kuni. Hapakuwa na orodha ya vyakula. Mteja aliingia, akatoa salamu, akauliza, "Leo bahari imetupa nini?" na mama mdogo akajibu kutoka uani bila kujitokeza: leo pweza, leo tasi, leo kamba wachache lakini ni wa mwalimu, ameshawawekea nafasi tumboni.

Bado ninaweza kukaa macho nikikumbuka chakula kile sahani kwa sahani. Pweza, mama mdogo alimponda mwenyewe juu ya jiwe mpaka akalainika, kisha akamchemsha kwa maji yake yenyewe na kumwekea tui zito mwishoni, ili lisikatike. Changu alimpaka nazi na ndimu huku akimgeuza juu ya makaa. Lakini waliomjua hasa walimwomba chukuchuku, mchuzi mweupe wa samaki, maji na ndimu na pilipili nzima inayoelea, chakula ambacho hakina pa kujificha, kwa sababu samaki akiwa wa jana au chumvi ikizidi kidogo, mdomo unajua mara moja. Watu walitoka Masoko kwa bodaboda kuja kula chukuchuku ya Somoe. Mimi nilikuwa mbele, nikifuta meza na kusikiliza. Mwalimu Saidi wa shule ya msingi aliniita "afisa." Mzee Nandonde, Mmakonde kutoka Lindi aliyekuwa akinunua nazi na kuzipeleka kwao, na ambaye alijitangaza kuwa mtani wa kila mtu pwani nzima, aliniita "shahada."

"Shahada, umepata kazi?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Usipate haraka. Ukiondoka huyu mama yako atatufutia meza kwa kanga yake."

Walikuwa wakicheka, nami nilicheka, kisha nilikwenda uani kufikiria maana yake. Je, alimaanisha sitapata kazi? Je, mama mdogo aliwaambia jambo? Simu yangu ilipotetemeka mfukoni moyo ulinilipuka, na mara zote ilikuwa mtandao wa simu ukinitangazia bando.

Uani ndiko mama mdogo alikonifanya nionje. Alichota mchuzi kwa upawa, akaupuliza, akanimiminia tone kiganjani. "Onja."

"Tamu."

"Chumvi?"

"Nadhani imekaa sawa. Labda ingeongezwa kidogo. Au la, maana tui bado halijaingia. Ila mimi napenda chumvi kidogo, kwa hiyo sijui wengine—"

"Rukia, nakuuliza chumvi. Sijakuletea posa."

Nilijifunza kujibu kwa neno moja: imepungua, imetosha, imezidi. Ndimu, imetosha. Pilipili, imepungua. Aliniuliza kila siku, kwa kila chungu, na kila siku nililifanyia jambo hilo uchunguzi wangu nikiwa nimelala chali kitandani. Niliamua kwamba ananifundisha. Kisha niliamua kwamba ananirithisha mgahawa, na hilo lilinitia hofu zaidi, kwa kuwa lilimaanisha yeye ameshakata tamaa na ajira yangu na anaona haya kuniambia. Sikufikiria kabisa kwamba mtu anaweza kuuliza swali kwa sababu hajui jibu. Nilimwona sokoni asubuhi, amekunja kanga, ameinua shavu la samaki kwa kidole, ameinama akavuta pumzi ndefu kwa pua mbele ya wachuuzi, akanyanyuka na kusema, "Huyu bado anasikia tunachosema." Wachuuzi walimpenda kwa maneno hayo. Lakini siku moja wali uliungua, harufu ikanifikia mpaka chumba cha mbele, nikakimbilia uani na kumkuta amekaa kando ya chungu kile kile, anachambua vitunguu bila wasiwasi wowote. "Moshi umenizoesha, mwanangu," alisema, akaepua. Nilimwamini. Nilikuwa na mambo yangu mengi ya kutilia mashaka.

Ramadhani ilipoingia tulifunga mlango wa mbele mchana na kuuza futari jioni. Waliokuja walikuwa wanaume wasio na familia mjini: walimu, mafundi, watu wa misimu kama mzee Nandonde, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuona aibu. "Kufunga sijafunga," alisema kila jioni akivua viatu mlangoni, "lakini kufuturu sikosi." Mikeka ilitandikwa barazani, na kilichopikwa kilikuwa uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi iliyokuja na magari kutoka Njinjo, na samaki yeyote aliyepatikana. Katika mwezi huo jiko la wanawake lina sheria yake ambayo haizungumzwi mbele ya wanaume. Waliofunga hawaonji. Ila katika nyumba yenye wanawake kadhaa hakosekani mmoja ambaye siku hizo haswali, na kwa hiyo hafungi, naye ndiye huitwa kando, nyuma ya mlango, akatiliwa tone kiganjani haraka haraka, akanong'ona chumvi imefikia wapi. Kwetu tulikuwa wawili tu, na mama mdogo umri wa mambo hayo ulishampita.

"Leo unaswali?" aliniuliza kwa sauti ya chini, wiki ya kwanza.

Nilihisi uso unawaka. "Naswali."

Akatikisa kichwa na kugeukia chungu. Siku zangu zilipofika aliniuliza tena, nikasema siswali, na nikamwona anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Siku hizo alinivuta nyuma ya mlango mara kwa mara, na siku hizo futari ilisifiwa barazani mpaka mwalimu Saidi akasema atamwandikia Somoe barua ya uhamisho aende akafundishe wake wa wenzake. Baadaye niliendelea na funga. Jioni moja nilimwambia naweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, kwamba nimesikia inaruhusiwa kwa mpishi. Alikataa. "Usiisumbue saumu yako kwa chumvi yangu," alisema. "Mkono wangu unajua."

Ilikuwa siku moja baada ya hapo. Samaki walikuwa haba, wale wakubwa wote walikuwa wameshapakiwa kwenye matenga ya barafu kwenda Dar tangu alfajiri, na mama mdogo alipata vibua waliofika alasiri kutoka Kiswere juu ya pikipiki, chini ya gunia lililoloweshwa. Macho yao yalikuwa yanang'aa. Aliinua shavu, akainama, akavuta ile pumzi yake ndefu, akawanunua. Kibua aliyepigwa na jua halafu akamwagiwa maji baridi anaweza kumdanganya mtu macho, na wakati mwingine hata pua. Hawezi kudanganya ulimi. Mchuzi wake huchonyota kama umetiwa pilipili ambayo hukuitia, na mpishi yeyote wa pwani akiuonja hivyo huumwaga chungu chote bila kujadiliana na mtu. Yeye alilijua hilo kabla sijazaliwa. Aliwapika kwa mihogo na tui, waliofunga wakafuturu, na walisifu.

Mwalimu Saidi ndiye aliyetoka kwanza katika safu, wakati wa sala ya isha, uso umemwiva mwekundu kama aliyechomwa na maji ya moto. Akafuata fundi cherehani, anajikuna shingo na mikono. Kufikia wakati tunapata habari, karibu wote waliokula kwetu walikuwa zahanati, wengine wanatapika, wengine wamekaa ukutani wameshika vichwa. Mimi na mama mdogo tulikuwa tumefuturu kwa tende na maji tu, hatujala, maana tulikula mwisho, baada ya wateja. Alichota mchuzi uliobaki akaniambia, "Umeshafuturu. Onja." Nikaonja. Ulimi wangu ulichonyota, nikatema uani. Naye akachota, akaweka kinywani mwake, akausukuma huku na huku, akanitazama. Usoni pake hapakuwa na kitu chochote.

"Mimi sisikii, Rukia," alisema. "Tangu ile homa na mafua ya mwaka jana. Sisikii harufu, sisikii ladha. Hata nazi. Ni kama natafuna kitambaa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mpishi akisema hivyo, amebaki nani? Wangenipa pole, wakaenda kula kwingine."

Hakufa mtu. Asubuhi wote walikuwa wamesharudi majumbani mwao, na hakuna aliyekuja kutulaumu. Ningependa wangekuja. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno, nimeyapanga kwa upole na kwa ukali, kwa kila mmoja ya kwake. Badala yake walitusalimu kwa wema uliozidi wa siku zote, kutoka upande wa pili wa barabara. "Ni mitihani, Bi Somoe." "Ni kadari, usijitie unyonge." Jioni ilipofika tulitandika mikeka, na kila aliyepita alikuwa amealikwa mahali. Sijawahi kuona mji wenye mialiko mingi kama Kivinje siku zile. Mama mdogo aliwaitikia wote, akawatakia funga njema, na uji ukapoa ndani ya chungu.

Mzee Nandonde ndiye pekee aliyeingia. Alivua viatu, akaketi katikati ya mkeka mtupu, akapaza sauti ili asikike uani: "Somoe! Nipe tena ile sumu yako. Ya jana haikuwa na nguvu, nimeamka mzima."

Barabarani watu walisimama. Mama mdogo alitoka na upawa mkononi, akamtazama, na akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Wewe hufi, mtani. Hata malaika wanaogopa utawamalizia futari."

"Basi nipakulie."

"Nina tasi, wa asubuhi ya leo, Rukia ameshuhudia wanapokelewa ufukweni."

Mzee alipangusa shati ambalo halikuwa na vumbi. "Nipe mihogo," alisema. "Na uji. Leo tumbo langu linataka vitu vyepesi." Mama mdogo alimpakulia mihogo bila samaki. Kama mtani, mzee alikuwa ameruhusiwa na desturi kulisema kila neno ambalo wengine walilimeza, na alilisema. Ila kula lilikuwa jambo jingine. Nadhani hata yeye mwenyewe lilimshangaza. Alikula akamaliza, akashukuru, na siku chache baadaye akarudi Lindi na nazi zake.

Nilidhani Idi itasafisha mambo. Nilikuwa nimejenga hoja nzima kichwani: siku ya Idi sahani hutoka nyumba hii kwenda ile zikiwa zimefunikwa kawa, hakuna anayekataa sahani ya jirani, watu watakula cha Somoe, wataona wako wazima, na mgahawa utaendelea. Mama mdogo naye aliamini, maana alipika tangu alfajiri kama anayeoza binti. Nilionja pilau ile kwa kijiko kizima, si kwa kiganja, na ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Nilimwambia hivyo. Nikazibeba sahani nyumba baada ya nyumba, "Idi njema, mama mdogo anawasalimu," wakazipokea kwa mikono miwili, wakaniombea kazi nzuri na mume mwema. Nyumba moja nilisahau kuchukua kawa. Nilizunguka kwa nyuma ili nisisumbue wageni, na uani nikamkuta yule mama aliyenipokea, amevaa nguo zake mpya, ameshika sahani yetu imeinama, na bata wanagombania pilau pamoja na nyama zake. Tulitazamana. Nilitabasamu, sijui kwa nini. Naye akatabasamu. "Idi njema, mwanangu," alisema mara ya pili. "Na kwako, mama," nikasema, nikaliacha lile kawa nikarudi.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la mgahawa, amevaa kanga mpya, anasubiri. "Wamesemaje?"

"Wameipenda. Wamesema tamu sana."

"Wamekula mbele yako?"

"Wengine."

"Wamesema nini kuhusu chumvi?"

"Iko sawa, wamesema."

Alinitazama usoni. Mimi ni mtu ambaye hata salamu huifanyia mazoezi, na uso wangu haujawahi kunitii. "Ulimi wako nao umeanza kunionea huruma," alisema bila hasira, huku akinyanyuka kukusanya vyombo. "Basi. Haunifai tena."

Baada ya hapo hakuniuliza. Alifungua mgahawa kwa muda, akapika kidogo, akakaa na chakula chake mpaka alasiri, kisha ikaja asubuhi moja ambayo hakuwasha moto, na wala hakusema kwamba hatawasha. Mabenchi yaliombwa na madrasa, akayatoa. Meza moja ilibaki, ile ambayo nilikuwa nikiwekea kompyuta yangu na kutuma maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Sasa anaishi Njinjo kwa binti yake, mbali na bahari, na nikimpigia simu ananiambia wanakula vizuri, ugali na mboga za shamba, na kwamba huko hakuna anayemuuliza habari za samaki. Nimefikiria mara nyingi kama ningejibu tofauti siku ya Idi. Ningesema bata? Ningesema nini? Nayapanga mazungumzo yale upya kila ninapokosa usingizi, na katika kila mpangilio mgahawa unafungwa.

Wiki ambayo niliondoka Kivinje, mvuvi mmoja aliyekuwa akimheshimu alimletea pweza. Nilimsikia akimponda uani, taratibu, kwa mkono ule ule, na nikasikia nazi ikikunwa. Sikuitwa. Nilikaa mbele ya kompyuta nikisubiri kuitwa, nikijiuliza kama nijitokeze mwenyewe au nitaonekana namdharau, mpaka akaja na sahani mbili za wali na pweza, akaziweka kwenye ile meza ya mwisho na kuketi mbele yangu. Tonge la kwanza lilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kukunja koo, kama aliyetia, akasahau, akatia tena. Nilimeza. Yeye alikuwa anakula kwa utulivu, anachambua vipande na kunisogezea vinono, macho yake yakiwa kwenye sahani yangu na si usoni pangu. Nilikula lote. Nilikula mpaka midomo ikaniwasha na machozi yakanilenga, nikajifanya ni pilipili, ingawa hakukuwa na pilipili, na yeye hangeweza kujua kama ipo. Nilipofikia mwisho, mama mdogo aliitazama sahani tupu kwa muda mrefu, uso ukamlainika, akanyanyuka, akaenda uani, akarudi na chungu, akaniongeza.